Mlima Mmoja na Tabiri Mbili

Kila inapofika juma la mwisho la mwezi wa Mei, wakati watu wa pwani wameanza kuona masika yakilegea na kusi ikishika kasi, na wavuvi wa Lamu na Pemba wanavipandisha vyombo vyao vidogo mchangani kwa kuiogopa bahari, sisi tukaao huku bara, baina ya Busia na Tororo, chini ya mlima ambao ramani huuita Elgon na Wagisu wenyewe huuita Masaba, huwa bado tumo ndani ya mvua, wala hatuna yakini ni lini itaanuka, wala kama itaanuka kabla ya mwezi wa Agosti kwisha. Vitabu vya shule vilivyoandikwa Ulaya huuita wakati huu mwisho wa majira ya machipuko, jina zuri kwa watu ambao miti yao hupukutika. Huku kwetu mti haukupukutika, na kitu pekee kilichochipuka ni magugu.

Ni juma la shaka. Maharage yaliyopandwa Machi yamekauka shambani, yataka jua la siku tatu mfululizo yapate kung'olewa, kuanikwa na kupurwa, na yakinyeshewa yakiwa ndani ya maganda yake huota papo hapo. Mahindi yaliyopandwa pamoja nayo, katika matuta yale yale, ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, nayo yataka maji wakati huu kuliko wakati mwingine wowote, maana punje hushika au hazishiki katika majuma haya mawili. Basi mkulima mmoja, katika shamba moja, asubuhi moja, huomba dua mbili zinazopingana, na sijui kama yuko kadhi awezaye kuikata kesi hiyo.

Siku hizo ndipo kila mwenye redio, na sasa kila mwenye simu ya mkononi, hutega sikio kungojea taarifa ya hali ya hewa ya siku saba zijazo. Na sisi wa mpakani tumejaliwa jambo ambalo watu wa Nyeri au wa Masaka hawakujaliwa, nalo ni kuletewa taarifa mbili kwa juma moja, ya kwanza ikitoka Nairobi, kwa Idara ya Hali ya Hewa iliyoko Dagoretti, na ya pili ikitoka Kampala, kwa wataalamu wa hali ya hewa wa Uganda. Ya Nairobi hututia katika fungu la bonde la Ziwa Viktoria na nyanda za juu zilizo magharibi mwa Bonde la Ufa; ya Uganda hututia katika fungu la mashariki. Zote ni kazi za watu wenye elimu na insafu, wala sina nia ya kuwatweza. Walakini ukizitazama ramani zinazofuatana nazo utaona ajabu: ile ya Kenya imepakwa rangi zake mpaka ukingoni mwa mto Malaba, na ng'ambo ya mto ni karatasi nyeupe, kana kwamba huko hakuna mbingu, na ile ya Uganda vivyo hivyo, rangi zake hukoma huko huko juu ya mlima, na Masaba mzima, pamoja na kasoko yake ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani, akawa amepasuliwa kama papai, nusu huku na nusu huku.

Na maneno yenyewe! Asubuhi vipindi vya jua. Alasiri manyunyu na ngurumo za radi katika sehemu chache. Usiku mawingu kiasi. Ukiyasoma mwezi wa Aprili utayakuta, na ukiyasoma Mei, na Agosti, na Oktoba, utayakuta tena, hata mtu mwenye mzaha angeweza kuyachapa juu ya kalenda ya mwaka mzima akaitundika ukutani, asiguse redio tena, na mara nyingi angepatia. Sehemu chache ni zipi? Alasiri ni ya saa nane au ya saa kumi na moja? Haya hayasemwi, ilhali ndiyo pekee ambayo mtu wa huku huyatafuta, kwa maana kwamba mvua itanyesha mahali fulani, saa fulani, kandokando ya Masaba, hilo tulikwisha kulijua kabla ya redio kuzaliwa.

Mpaka huu si wa zamani sana. Kabla ya mwaka 1902 nchi hii yote, na kuendelea mashariki hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa ni ya Uganda. Mwaka huo Waingereza, kwa masilahi ya reli yao na ya utawala wao, wakauhamisha mstari, Wateso wakajikuta wako huku na huku, na Wasamia kadhalika, ndugu wa tumbo moja wakilipa kodi kwa mabwana wawili. Lakini hata hao wakoloni, ambao hawakusita kuwagawa watu, hawakuthubutu kuigawa mvua. Mwaka 1929 waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa nchi zao zote za Afrika Mashariki, na idara hiyo, kwa majina tofauti, iliishi mpaka baada ya uhuru, ikawa miongoni mwa kazi za pamoja za Jumuiya ya Afrika Mashariki; karani wa kituo cha Tororo na karani wa kituo cha Kisumu walikuwa watumishi wa idara moja, wakipeleka hesabu zao mahali pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na kila nchi ikachukua vipimamvua vyake, kama ndugu wanavyogawana vyungu vya marehemu.

Jumuiya, kama tujuavyo, ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Tangu hapo tumeunganisha mengi. Mwezi wa Februari 2018 marais wawili walikuja hapa Busia wakafungua kituo cha pamoja cha mpakani, ili lori litokalo Mombasa likaguliwe mara moja, chini ya paa moja, na maafisa wa nchi zote mbili walioketi pamoja, badala ya kukaguliwa huku likangoja siku nzima, kisha likakaguliwa tena kule. Na jambo hilo, pamoja na kasoro zake, limeleta faraja kubwa. Sasa nauliza: ikiwa shehena ya mabati na mafuta ya kupikia imepata heshima ya kupokewa na nchi mbili kwenye meza moja, wingu limekosa nini, hata likawa ndilo msafiri pekee anayeandikwa mara mbili kwa majina mawili, au asiyeandikwa kabisa?

Hali ya hewa ya hapa, kwa mtu aliyetulia akaitazama, ina mwendo wake unaoeleweka. Jua likichomoza baada ya usiku wa mvua, nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji ya ziwa; panapo saa nne hivi za asubuhi upepo wa ziwani huanza kupanda kutoka kusini-magharibi, ukipita juu ya vilima vya Samia, umebeba unyevu; adhuhuri huwa umefika Busia na Malaba, na mbele yake hukuta ukuta wa jabali ambao kilele chake, Wagagai, kina urefu wa mita 4,321; na upande wa pili, juu ya nyanda za Trans Nzoia, huja pepo za mashariki zikisukumana nao. Hewa hiyo haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, na ikipoa hutoa mawingu, kwanza madogo meupe kama pamba iliyochambuliwa, kisha yakajengeka ghorofa juu ya ghorofa, chini yakiwa na rangi ya risasi. Na saa tisa au saa kumi mlima hunguruma. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, na tufani ikawakuta wavuvi wa Majanji na wa Port Victoria kabla ya alfajiri. Hata Juni na Julai, mkanda mkuu wa mvua unapokuwa umehamia kaskazini, hewa yenye unyevu kutoka upande wa Kongo huendelea kutufikia, ndiyo sababu mashariki mwa Kenya hukauka ilhali sisi tungali tunatafuta pa kuanika nguo. Katika yote hayo hakuna hata hatua moja inayosimama mpakani.

Mji wa Tororo una sifa yake katika habari hizi, na naona haya kwamba watoto wetu hawafundishwi. Mji huo, wenye lile jabali linalosimama peke yake takriban mita 300 juu ya mapaa ya nyumba, mabaki ya koo la volkano ya kale, uliwahi kuandikwa katika vitabu vya rekodi za dunia, kwa kuwa baina ya mwaka 1967 na 1976 zilihesabiwa huko, kwa wastani, siku 251 za ngurumo kila mwaka. Yafaa ieleweke siku ya ngurumo ni nini: ni siku ambayo mtazamaji wa kituo amesikia ngurumo japo mara moja, hata ngurumo moja ya mbali baada ya chakula cha mchana na tufani ya usiku kucha vikaandikwa sawasawa. Kwa hiyo rekodi ile ni sifa ya mawingu ya Tororo, lakini ni sifa pia ya masikio ya makarani ambao kwa miaka kumi hawakuchoka kusikiliza na kuandika. Nami kila nikiitazama hesabu hiyo hunijia fikira kwamba inakoma mwaka mmoja tu kabla ya Jumuiya kuvunjika. Leo setilaiti huhesabu miali ya radi kutoka angani, na taji limekwenda Ziwa Maracaibo kule Venezuela, na katika Afrika kwenye milima ya Kabare, mashariki mwa Kongo. Sisi tumebaki na ngurumo zetu, bila karani.

Na ngurumo si sifa tu. Mwezi wa Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, radi moja iliwaua watoto wasiopungua 18 waliokuwa darasani wakikimbia mvua. Kiryandongo iko mbali na hapa, lakini ndiyo wilaya ile ile walikohamishiwa, ili wawe salama, manusura wa maporomoko ya ardhi ya Bududa nitakayoyasimulia mbele. Ukipita katika shule za vijijini, toka Nagongera mpaka Nambale, utaona madarasa ya aina ile ile: paa la bati, mbao za msonobari, sakafu ya udongo, na paani hakuna waya wa kuipeleka radi ardhini. Watu bado husema usivae nguo nyekundu mvua ikinyesha, na ukifunike kioo. Siwacheki, kwa kuwa mtu asiyepewa habari yenye manufaa hushika ile aliyo nayo. Lakini taarifa ya juma ambayo husema ngurumo za radi katika sehemu chache, kisha isimwambie mwalimu mkuu hata saa, imemsaidia nini kuliko kile kioo kilichofunikwa?

Juma lililopita nilikuwa Busia, upande wa Uganda, mtaa wa Sofia, nimeketi kwenye benchi la muuza chai, na mbele yangu mama mmoja ameanika mukene juu ya turubai la buluu lenye ukubwa wa chumba. (Hatua mia chache kuelekea mashariki samaki yule yule huitwa omena, na akifika Mombasa ni dagaa, kwa majina yeye ana pasi tatu.) Alikuwa akiwageuza kwa ufagio wa chelewa, taratibu, kama mtu afagiaye msikiti, na kila alipopita samaki walikuwa wakimetameta, halafu wakafifia. Nikamwuliza kama mvua itanyesha.

"Mzee, huyu wa Nairobi amesema jua, wa Kampala amesema mvua," akanijibu bila kuinua kichwa. "Mimi nimemwangalia Masaba."

"Naye amesemaje, mama?"

"Asubuhi alikuwa uchi kabisa, nikaona mpaka mikunjo yake. Akijifunua hivyo, mchana atalia."

Saa saba u nusu, jua lingali kali na anga upande wa ziwani halina doa, alianza kukusanya. Akawaita vijana wawili wa baiskeli, akawapa shilingi mia tano za Uganda kila mmoja, magunia yakaingizwa kibandani, na juu yake akatandika makavera yaliyoungwa, ile mifuko ya plastiki ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na ambayo, kwa sababu hiyo, ikivuka barabara huwa magendo. Tukangoja. Saa tisa mlima ulikuwa mweusi; ngurumo zikasikika upande wa kaskazini; upepo wa baridi ukapita ukirusha karatasi na vumbi; matone yakaanguka mbele ya miguu yangu, saba au manane, nikaona kila moja likichimba kijishimo chake. Basi. Mvua ikaenda zake upande wa Bungoma. Saa kumi mama akatandika turubai tena, akaanika kwa jua lililobaki, hakumlaumu mtu, si wa Nairobi, si wa Kampala, wala Masaba. Ila aliniambia kwamba mukene asiyekauka siku ile ile hunuka, na akinuka haliwi na binadamu, huuzwa kwa wenye kutengeneza chakula cha kuku, kwa bei wanayoitaka wao.

Nimelifikiri sana jambo hilo. Mama yule alitumia ilmu yake, ilmu halali, akakosea. Na hasara ya kukosea ikawa yake peke yake. Wale wawili wa redioni, mmoja lazima alikuwa amekosea pia, lakini mshahara wao haukunuka. Na wala si kwamba ujuzi haupo. Setilaiti ya Meteosat hupiga picha ya bara zima la Afrika kila baada ya dakika chache, na tufani iliyokwisha kusimama juu ya mlima saa nane mchana huonekana waziwazi, na upande inakoelekea huweza kukisiwa kwa saa moja au mbili zijazo kwa uhodari ambao utabiri wa siku saba hauufikii. Laiti mtu angesema saa nane kwamba mvua ya leo ni ya kaskazini ya Malaba, mama yule angaliacha turubai lake mahali pake.

Mukene ni jambo dogo. Watu si jambo dogo. Tarehe 1 Machi 2010 usiku, huko Nametsi, wilaya ya Bududa, ubavu wa mlima ulikatika ukafunika kijiji, soko na kituo cha afya, na waliokufa pamoja na wasioonekana tena walihesabiwa kuwa zaidi ya 300. Tarehe 25 Juni 2012 Bududa ilifunikwa tena. Tarehe 11 Oktoba 2018 ikawa ni Bukalasi, katika wilaya hiyo hiyo, mto ukishuka na mawe na magogo. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala iliuvamia mji wa Mbale. Tarehe 27 Novemba 2024 ilikuwa zamu ya Bulambuli. Machi, Juni, Oktoba, Julai, Novemba: katika misiba hiyo mitano hakuna hata mmoja ulioangukia Aprili au Mei, miezi ambayo sote huijua kuwa ni kiini cha masika. Kwa hiyo taarifa ya juma la mwisho la Mei inaposema kwamba msimu unaelekea ukingoni, maneno hayo ni kweli kwa mahesabu ya Nairobi na ya Kampala, lakini yakifika kwenye mteremko wa Bududa hugeuka kuwa bishara ya amani ambayo hakuna aliyeitoa. Udongo wa huko ni wa mfinyanzi, wenye kina kirefu, uliokwisha kuvuliwa miti yake ili watu wapate pa kulima migomba na kahawa, nao hunywa maji majuma kwa majuma bila kusema neno. Kinachouangusha ni mvua ya siku moja iliyoikuta ardhi imekwisha kushiba. Taarifa zetu hutazama mbele tu, ilhali mlima una kumbukumbu. Mtu wa mteremkoni ana haja ya kuambiwa ni milimita ngapi zimekwisha kunyesha juu ya kichwa chake katika siku kumi zilizopita, kabla ya kuambiwa zitakazonyesha kesho.

Na mtu wa bondeni ana haja ya habari ya mvua isiyomnyeshea. Mto Nzoia hukusanya maji yake kutoka milima ya Cherangani na kutoka ubavu wa mashariki wa Masaba, ukayapeleka mpaka Budalang'i, katika kaunti ya Busia, ambako watu hulala nyuma ya kingo za udongo. Gharika huwafikia wakiwa chini ya jua, kwa mvua iliyonyesha Trans Nzoia siku zilizotangulia. Manafwa hufanya vivyo hivyo upande wa pili, ukashuka mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya Doho, huko Butaleja. Kwa watu hao utabiri wa anga lao wenyewe ni karibu na upuuzi. Anga lao liko kilometa nyingi juu ya mto. Kwa mto Nzoia, walau, Kenya imejitahidi: maji hupimwa huko Rwambwa, na onyo hupelekwa kwa watu kwa redio. Lakini mto Malaba, ambao ndio mpaka wenyewe, na mto Sio, na Lwakhakha, ambayo maji yake ni ya nchi mbili, nani huyapimia nani?

Najua nitajibiwa kwamba kiko kituo cha mambo ya tabia ya nchi cha nchi za IGAD, karibu na Nairobi, na kwamba wataalamu wa nchi zote hizi hukutana kabla ya kila msimu, tangu mwaka 1998, wakatoa kauli moja. Ni kweli, na ni jambo la shukrani. Lakini kauli hiyo ni ya msimu mzima na ya nchi kumi na moja, toka Sudan mpaka Tanzania. Kati ya kauli ya pembe nzima ya Afrika na turubai la mukene pana nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo ndimo tunamoishi.

Nitajibiwa pia kwamba watu wa vijijini hawaiamini elimu hii, wana waganga wao wa mvua. Hilo nalikataa, na ushahidi uko karibu, hapo Bunyore, kwa ukoo wa Nganyi, ambao tangu zama za mababu husomea mvua katika vichaka vyao vitakatifu, wakitazama miti inavyochanua, siafu wanavyohama na ndege wanavyolia. Wataalamu wa Idara ya Kenya na wa kituo cha IGAD hawakuona haya kwenda kuketi na wazee hao, kila upande ukaleta wake, wakalinganisha, wakatoa kauli moja ambayo watu waliikubali kwa sababu waliwajua wasemaji. Na waungwana wa pwani wasituone washenzi kwa hayo, maana hata wao, kabla ya redio, walikuwa wakihesabu miongo, kumi baada ya kumi, toka siku ya Nairuzi, wapate kujua mwongo upi ni wa kupanda na mwongo upi ni wa kukitia chombo baharini. Tofauti ni kwamba hesabu ya miongo ilikuwa moja tu, toka Lamu mpaka Kilwa, ijapokuwa masultani walikuwa wengi.

Basi ninachotaka si kikubwa. Sitaki mtambo mpya wala jumba jipya, wala mkutano mwingine katika hoteli yenye kiyoyozi. Nataka maafisa wawili, mmoja wa Kenya na mmoja wa Uganda, waketi katika kile kituo cha pamoja cha Busia, ambamo nchi zote mbili zimekwisha kupata meza, wakaandika kila asubuhi taarifa moja ya Masaba na maji yake yote: imenyesha kiasi gani jana huko Kapchorwa, Bududa, Kitale na Tororo; mito ina kina gani; leo ngurumo zinatazamiwa saa ngapi, na upande gani wa mlima kwanza; na katika siku tatu zijazo, si saba, ni lini mtu aweza kuthubutu kung'oa maharage. Nasema tatu kwa kuwa katika nchi za joto kama yetu, ambako mvua huzaliwa na kufa ndani ya alasiri moja, mtu akuahidiye ngurumo ya Jumanne ijayo katika kijiji chako anakubembeleza tu, na ni adabu zaidi kusema sijui kuliko kusema sehemu chache. Iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, si kwa Kiingereza kisha ikatafsiriwa na kijana wa zamu ya usiku, na itoke humo kwenda katika Kiteso, Kisamia, Kipadhola, Kigisu na Kibukusu, lugha ambazo redio zetu ndogo tayari huzitumia kutangaza mazishi na harambee.

Na kwa wale wasio na redio, ubao wa mbao mweusi utatosha, utundikwe mahali watu wapitapo kwa miguu: mmoja darajani Malaba, mmoja Lwakhakha, mmoja hapo Sofia karibu na muuza chai, na uandikwe saa moja asubuhi kabla ya watu kuanika. Vijana wa bodaboda, ambao jina lao lilizaliwa hapa hapa kwa kuvusha watu toka mpaka hadi mpaka, wataisoma na kuifikisha Amukura na Lumino kabla ya saa tatu, bila bajeti yoyote. Nimewahi kulipeleka shauri hili kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja, nikaambiwa kwamba ni jema, lakini vitu vya kuandikia havimo katika kasma ya mwaka huu. Chaki nitainunua mimi.